Daftari la Presha Mlangoni pa Friji

Wifi yangu haamki kama watu wengine. Watu huamka wakajinyoosha, wakatafuta kandambili kwa vidole vya miguu, wakanung'unika kidogo. Yeye akifumbua jicho tu anatafuta simu, anasafisha koo, anaanza kuhubiri. "Habari za asubuhi, familia zenye shughuli. Leo tuzungumzie maji." Jana pia tulizungumzia maji. Juzi tulizungumzia maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana nilimbandika jina la Profesa wa Maji, na jengo zima likalipokea, mpaka mlinzi wa getini akawa anamsalimia, "Umeamkaje, Profesa," naye anaitika kwa tabasamu bila kujua anakejeliwa.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kiko chini kabisa, mlango wa pili ukishaingia, na kaka yangu na mkewe wanakaa ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo. Kwa hiyo habari za mwanamke huyu sikuhadithiwa na mtu. Namwona kila siku akishuka ngazi saa kumi na mbili na nusu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, chupa ya maji yenye mistari ya saa za kunywa imening'inia begani, na bado anarekodi: "Jamani, tusile tumesimama. Tukae, tutafune, tutulie." Mdomoni ana kipande cha mkate. Anamwambia mama wa watu huko aliko atafune mara ishirini, halafu yeye anameza mara moja na kukimbilia basi la ofisini.

Kazi yake ni mapokezi kwenye ofisi ya bima. Kutwa nzima anawaambia watu wakae wasubiri, na nadhani hapo ndipo alipozoea kusema na watu wasiokuwa na pa kukimbilia. Kundi lake la kwenye simu lilianza na wazazi kumi na mmoja wa darasa la binti yake. Kabla mwaka haujaisha walikuwa mia tatu na ushee, watu wazima na akili zao, wamekaa wanangoja kuambiwa kwamba kulala ni kuzuri.

Na nyumbani kwake usiombe kualikwa. Kwenye kioo cha bafuni kabandika karatasi: "Je, umepumua leo?" Swali gani hilo la kumuuliza mtu anayepiga mswaki? Kopo la chumvi kalificha kabatini chini ya mashuka, na kila mtu wa nyumba ile anajua lilipo, pamoja na mimi. Jumapili mchana mnakula, simu inalia, wote mnaweka vijiko chini, mnavuta pumzi tatu ndefu, ndipo mnaruhusiwa kuendelea. Mara ya kwanza nilidhani tumepata habari mbaya. Kaka yangu anaendesha kreni. Anainua vyuma na zege juu ya vichwa vya wenzake, mita arobaini kutoka ardhini, na mafundi wa chini wanamwamini kwa roho zao. Mtu huyo anaweka kijiko chini na kufumba macho kwa amri ya simu. Nilimwangalia nikaishiwa hamu na chakula chenyewe, ambacho hata hivyo hakikuwa na chumvi.

Asije mtu akasema nilikuwa na wivu. Wivu wa nini? Mimi nina kazi yangu na jina langu. Mteja akija akaniambia, "Fundi, kiuno changu ni thelathini na mbili," namwambia simama hapa nikupime. Atabisha, ataapa, atanionyesha suruali aliyoivaa. Simama nikupime. Kila mtu ana kiuno cha miaka mitano iliyopita kichwani mwake, na mimi sishoni vya kichwani. Kwa hiyo ninapomcheka mtu anayejitia mjuzi, najua ninachokicheka.

Lakini haki yake nitampa. Hakuingia katika familia yetu akiwa hivi. Alikuja binti mpole, mpenda vitu vya kukaanga na soda baridi, anacheka kwa kuziba mdomo. Mambo yaligeuka mwaka jana. Kampuni ya ujenzi huwapima waendesha kreni afya zao mara moja kwa mwaka, na mwaka huo kaka alikutwa na presha. Alipewa kidonge kimoja kila asubuhi, akaambiwa apimwe kila siku nyumbani na namba ziandikwe. Jioni ile wifi alishuka kwangu, akakaa juu ya marobota ya vitambaa vya sare, akalia mpaka kitambaa kikalowa.

"Wifi," aliniambia, "mume wangu anafanyia kazi hewani. Kizunguzungu kikimshika kule juu, nani atamteremsha?"

Nilimpa chai, akainywa. Wengine wakiogopa husali, wengine hunyamaza. Yeye kesho yake alinunua mashine ya kupimia presha, na wiki haijaisha akawa anatushauri sote.

Daftari nalo lilianza siku zilezile. Alikuja kuniomba uzi mnene, ule wa kushonea suruali za jinzi, akaenda kulifunga kwenye mkono wa friji pamoja na kalamu yake, ili mtu asije akasingizia hakuliona. Halafu akatugawia siku. Jumatatu, Jumatano na Jumapili zake mwenyewe. Jumanne na Alhamisi za binti yao, aliyekuwa kidato cha pili. Ijumaa kaka ajipime mwenyewe. Jumamosi nikapewa mimi, kwa kuwa siku hiyo yeye huenda ofisini nusu siku na binti huenda masomo ya ziada.

"Afya ni kazi ya familia nzima, wifi," alisema.

Nilikubali nimebetua mdomo. Nilijiambia kumbe sasa na mimi nimeandikishwa jeshini.

Kila Jumapili alilipiga picha ukurasa wa wiki na kuutuma kwa wale mia tatu. "Mnaona wenyewe, mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili. Hakuna muujiza, ni utaratibu tu. Familia yenye shughuli inaweza." Watu wakamrushia makofi ya kwenye simu, na yeye akamsomea mumewe pongezi moja moja huku akimfunga vifungo vya shati la kazi. Kaka alifurahi. Nani asiyefurahi kusifiwa na watu mia tatu kwa kukaa kimya na mkono umenyooshwa?

Mwezi wa tatu kaka alichoka na vidonge. Vilikuwa vinampeleka haja ndogo kila mara, na ukiwa kwenye kreni, kwenda haja ni kushuka ngazi ya chuma ya mita arobaini na kuipanda tena, wenzako wote wanakungoja. Akasimama mbele ya friji, akafunua daftari nyuma na mbele, akasema, "Mbona mimi nimepona?" Wifi akasita. Namsifu kwa hilo, alisita. Akaenda kufunua na yeye, akaona wiki baada ya wiki namba zimetulia, hakuna iliyoruka. Akasema haya, tupumzishe vidonge, tuendelee kufuatilia. Vidonge vikapandishwa juu ya kabati, na kesho yake mia tatu wakatangaziwa kwamba mume wa Profesa sasa anaishi kwa utaratibu mtupu. Mimi huku chini nikacheka na wateja wangu kwamba mtu kaponywa kwa maji na karatasi ya bafuni.

Mwaka ukazunguka, kipimo cha kampuni kikarudi. Ilikuwa asubuhi, nakata sare za shule, kaka akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Fundi," aliniita, maana hata yeye huniita hivyo, "nesi anataka kuliona daftari. Mke wangu yuko kazini mbali. Niletee."

Nilipanda juu, nikakata uzi kwa mkasi wangu, nikalitia daftari kwapani, nikaenda.

Nesi wa kliniki ile ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alilipokea, akasoma ukurasa wa katikati, akaruka kumi, akasoma tena. Kaka alikuwa amekaa pembeni, mkanda wa mashine bado mkononi.

"Nani huwa anampima?" nesi aliuliza.

"Familia," nilijibu. "Tunapokezana."

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, dada yangu. Presha ya binadamu hupanda na kushuka. Akikimbia ngazi inapanda, akigombana inapanda, akilala vibaya inapanda. Hii ya hapa ni mia na ishirini na saba, mia na ishirini na nane, mia na ishirini na saba, mia na ishirini na nane. Mtu huyu mwaka mzima hajawahi hata kukasirika?"

Halafu akanionyesha karatasi yake. Alikuwa amempima mara tatu, mikono yote miwili. Mia na tisini na sita kwa mia na kumi na nane. Nikasoma mara mbili kwa kudhani nimeruka tarakimu.

Akamgeukia kaka, akamuuliza kuhusu vidonge, akaambiwa vimepumzishwa. Hakufoka. Alimuuliza kama macho yanaona vizuri. Hapo kaka akainamisha kichwa, akasema kwamba kwa wiki tatu sasa akiwa juu ndoano ya kreni anaiona mbili, na hungoja zirudi kuwa moja ndipo anashusha mzigo.

"Na chini kuna watu?"

"Wapo."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Daftari lilikuwa zuri," alisema kaka.

Nesi akaandika barua mbili, moja ya kampuni kwamba asikanyage kreni, moja ya hospitali kwamba apokelewe saa hiyohiyo. Alilazwa siku nne. Daktari alisema moyo na figo zimepona chupuchupu, jicho la kushoto bado wanaliangalia, na kwamba akimaliza miezi mitatu ya vidonge na namba za kweli, ndipo wataona kama atarudi juu au atatafutiwa kazi ya chini. Kaka yangu amekaa hewani miaka kumi na tisa. Ukimwambia kazi ya chini ni afadhali umtukane.

Siku aliyorudi nyumbani nilifunga chumba changu mapema, nikajifunga kibwebwe, nikapanda ngazi zile tatu tatu. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni, sikukumbuka hata kuuvua. Nilikuwa nimebeba daftari, na nilikuwa nimebeba maneno. Mwaka mzima nilimcheka mwanamke yule kwa siri. Siku hiyo nilikwenda kumsuta mbele ya mumewe na mwanawe.

Walikuwa sebuleni wote watatu, kaka kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli. Nikalibwaga daftari mezani.

"Leo nataka kumjua muongo wa nyumba hii," nilisema.

Wifi hakujitetea. Alikuwa amekonda kwa siku nne, na chupa yake ya mistari sikuiona. "Mimi ni mmoja," alisema. "Jumatatu na Jumatano nakuwa nachelewa basi. Naangalia ya juu yake, naandika inayokaribiana nayo. Nilijua Jumanne mtoto amepima kweli."

"Mimi nilijua mama amepima kweli," binti alisema.

"Na Jumapili? Siku ya picha?"

"Jumapili nakuwa narekodi," wifi alisema polepole. "Watu wanangoja ukurasa. Nikaona ya Jumamosi ni nzuri."

Kaka akajikohoza. "Ijumaa mimi narudi nimechoka. Nikaona siku sita zimeshapimwa. Nikasema moja haitaniua."

Basi nikamtolea uvivu wifi yangu. Nilimwambia unawahubiria watu mia tatu wapumue, huku wako mwenyewe anakata roho mbele ya friji lako. Nilimwambia ulitaka kumzika kaka yangu kwa ajili ya makofi ya simu. Nilimwambia hata zile karatasi za bafuni, mwenye haya angezibandua. Nilimwambia na mengine ambayo siyarudii. Yeye machozi yalimtoka bila sauti, wala hakuyafuta, na mimi nikazidi kupandisha, maana mtu asipokujibu ulimi unanoga.

Wakati wote huo binti alikuwa analifunua daftari kutoka mwanzo. Ni mtoto mkimya yule, tangu zamani. Akasimama kwenye ukurasa wa pili.

"Wiki ya kwanza namba zinaruka," alisema. "Mia na thelathini na tisa. Mia na arobaini na nne. Mia na thelathini na moja. Ijumaa ya wiki ya pili baba amejipima, mia na ishirini na nane. Baada ya hapo haziruki tena."

"Sasa ya kwanza kudanganya ni ya siku gani?" niliuliza, na hata wakati nauliza bado nilikuwa na hasira nzuri, hasira ya mwenye haki.

"Jumamosi, shangazi."

Nikacheka kidogo. Nikasema Jumamosi mimi huja nampima.

"Siku ile mwalimu hakuja, tukarudishwa mapema," binti alisema. Hakuniangalia, aliangalia daftari. "Baba alikuwa amelala kwenye kiti hicho. Wewe ulisimama pale kwenye friji. Ukaangalia ya Ijumaa, ukaandika. Mashine ilikuwa kwenye mfuko wake, zipu imefungwa. Mimi nilikuwa mlangoni."

Nilisikia friji likinguruma.

"Nikadhani ndivyo inavyofanywa," aliendelea. "Wewe kupima ndiyo kazi yako. Jumanne yangu iliyofuata nikafanya vilevile."

Nikaikumbuka siku yenyewe, na afadhali nisingeikumbuka. Kulikuwa na mteja chini anangoja zipu ya gauni. Kaka alikuwa anakoroma, nikaona kumwamsha ni usumbufu, na kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya daftari la Profesa wa Maji? Nilitazama mia na ishirini na nane ya Ijumaa, nikaandika mia na ishirini na saba. Nane niliigeuza saba ili isionekane nimenakili. Nilishuka ngazi najicheka, na mteja nikamsimulia. Jumamosi iliyofuata nikafanya tena, na iliyofuata, hadi juzi. Ile saba ya mwaka mzima iliyomshangaza nesi ni saba yangu. Nimeishona mimi, wenzangu wamefuata mshono.

Niliona aibu. Nasema wazi, maana nimezoea kuwasema wengine wazi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikatafuta pa kuweka mikono nikashika ncha za utepe shingoni. Wifi sasa alikuwa na haki ya kuniporomoshea yote niliyomporomoshea, na nilimngoja. Angetukana ningepata nafuu. Alijifuta uso kwa kiganja, akainuka, akalichukua daftari, akaning'iniza ule uzi uliokatwa.

"Tutahitaji uzi mwingine," alisema. "Na Jumamosi bado ni yako, wifi."

Jumapili iliyofuata alituma picha ya ukurasa mpya kwa watu wake, namba zote mbaya kama zilivyo, na chini yake akaandika kwamba mwaka mzima aliwaonyesha uongo, sehemu akiujua, sehemu bila kuujua. Hakueleza Jumamosi ni ya nani. Nasikia arobaini walijitoa kwenye kundi siku hiyo, na makofi hakupiga mtu.

Lakini kabla ya Jumapili hiyo ilifika Jumamosi yangu. Chini niliacha wateja wawili, mmoja amesimama na gauni la ndani na pini kiunoni, akinilalamikia. Nilipanda juu. Kaka alikuwa kwenye kiti chake, amelala, mdomo wazi, kama siku ile. Binti hakuwa na masomo. Alikuwa amesimama mlangoni pale alipokuwa amesimama siku ile, mikono nyuma.

Nilichukua mfuko wa mashine juu ya friji. Niliishika zipu, nikaifungua polepole mpaka mwisho, aione.

"Kaka," nilisema. "Amka. Nyoosha mkono."

Akaamka ananuna, akanyoosha. Mkanda ukajaa, ukakaza, ukalegea. Mia na hamsini na tatu kwa tisini na saba. Sikuipenda. Niliiandika ilivyo. Binti akasogea hadi ubavuni pangu. Alisoma mashine kwanza, halafu akasoma daftari, tarakimu kwa tarakimu, na kidole juu ya kila moja.